Kifungua Mgongo

Jumatatu, 4 Machi. 168 kwa 104.

Nesi wa kliniki amesema niandike tarehe na presha ya mume wangu, basi. Nikamwambia daftari lina kurasa sitini na nne, presha peke yake haitalijaza. Akasema, "Jaza unavyoweza, mama, ila namba zisikosekane." Kwa hiyo namba zitakaa juu, na huku chini ni kwangu.

Mume wangu ni fundi cherehani. Mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi nguo za watu hapa hapa nyumbani, chumba kimoja na kibaraza. Mtoto wetu ana miaka mitatu na mtaa mzima unamwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha shati la baba yake na tukakisubiri siku mbili. Kilirudi salama. Baba yake akakichemsha, akakishona palepale.

Wiki mbili sasa mume wangu anaamka macho yamevimba kama aliyelia. Nikamuuliza mkojo ukoje, akasema una povu, alidhani ni sabuni ya chooni. Leo tumepewa majibu. Daktari amesema figo zake zinafanya kazi thelathini na nane katika mia. Zilizokufa hazifufuki, lakini zilizobaki zinaweza kulindwa. Dawa ya presha kila siku. Chumvi kidogo sana. Dawa za maumivu marufuku. Maji anywe, asikae na kiu. Turudi tarehe tatu Juni apimwe tena. Namba ikiendelea kuporomoka, tutaanza kuzungumza habari za mashine ya kusafisha damu.

Ana miaka thelathini na nne.

Kwenye korido akaniambia, "Daktari mwenyewe mdogo, ndevu hazijaota."

Nikamwambia, "Figo zako hazijamuuliza umri."

Tumeazimwa kimashine cha kupimia presha, cha kufunga mkononi. Mvua imeanza tukiwa njiani.

Jumanne, 5 Machi. 166 kwa 102.

Mvua. Mashuka ya mteja wangu mmoja wa ghorofani hayajakauka.

Alhamisi, 7 Machi. 164 kwa 102.

Nimeamua sufuria ni moja. Kama chumvi imepungua kwake, imepungua kwetu sote, sitapika mara mbili kama hoteli. Amekula vijiko vitatu, akaweka kijiko chini taratibu, akaniuliza kwa heshima, "Mama Kifungo, hiki chakula kimefiwa na nani?"

Nikacheka mpaka nikasahau kwamba nimechoka. Kifungo naye akarudia siku nzima: chakula kimefiwa, chakula kimefiwa. Nimekamua ndimu, nikaongeza kitunguu. Kesho nitaongeza tangawizi. Chumvi siongezi.

Jumapili, 10 Machi. 170 kwa 104.

Nimehesabu vidonge vya presha. Viwili vimezidi.

"Hukumeza Ijumaa na Jumamosi."

"Kichwa hakikuuma."

"Nani kakwambia hii ni dawa ya kichwa?"

"Sasa mke wangu, mtu ukiwa mzima unameza dawa ya nini?"

Huyu ndiye mume wangu. Anaweza kukutazama ukipita barabarani akajua kiuno chako bila kukupima, lakini mwili wake mwenyewe anausikiliza ukipiga kelele tu. Nimempa Kifungo kazi. Kila asubuhi ndiye anayempa baba yake kidonge na kikombe, halafu baba anatoa ulimi na Kifungo anakagua. Hakuna nesi mkali kama huyu. Leo amekagua mara mbili, na chini ya ulimi pia.

Jumamosi, 16 Machi. 156 kwa 96.

Kamba za kuanikia zimejaa mpaka juu ya kitanda. Tumelala chini ya soksi za watu.

Jumamosi, 23 Machi. 148 kwa 92.

Imeshuka. Sikumwonyesha furaha yote asije akajisifu. Nimempikia yai.

Jumatatu, 1 Aprili. 154 kwa 96.

Karakana yao imepata oda ya mashati ya shule, mia nne, yawe tayari kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa tano. Wako wanne: mume wangu, Mzee Futi aliyemfundisha kazi (wanamwita hivyo kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni), kijana wa kukata vitambaa, na dada wa overloki, anayefunga nyuzi za pindo. Mume wangu anaondoka giza halijaisha, anarudi giza limeingia.

Ijumaa, 5 Aprili. 162 kwa 100.

Imepanda. Kidonge anameza, ulimi umekaguliwa. Chumvi hapa nyumbani naijua. Basi ni huko kazini.

Nikamuuliza anakula nini huko. Akasema chakula ninachomfungia. Nikamuuliza na yule dada wa overloki, anayegawa karanga za chumvi kila siku saa nne, naye anakufungia? Akaapa kwa uhai wa mtoto kwamba karanga haziingii mdomoni mwake. Nikamwambia asimwapie mtoto kwa ajili ya karanga. Tumelala tumepeana migongo, na katikati yetu Kifungo amejinyoosha kama rula.

Jumanne, 9 Aprili. 164 kwa 102.

Mvua. Sina la kuandika.

Jumamosi, 13 Aprili. 166 kwa 102.

Leo ni siku ya tisa jua halijaonekana. Ukitaka kufika kitandani unainama chini ya mashuka. Nguo za wateja nimezikausha kwa pasi moja moja, na mwisho zikabaki suruali za mume wangu, sita, za kazini. Hizi huwa sizipigi pasi. Tangu tuoane anasema suruali ya fundi inanyooka akiikalia. Zikikauka juani nazikunja, basi. Leo jua halipo, ikabidi nazo zipite kwenye pasi.

Suruali ya kwanza, pasi ikagonga kitu kwenye ukanda wa kiunoni. Nikafikiri ni ndoano. Ikatoa harufu ya plastiki inayoungua. Nikaigeuza. Ndani ya ukanda, mahali pa kuegemea mgongo, pameshonwa kamfuko kadogo, mshono mzuri ajabu, huuoni mpaka uutafute kwa kidole. Ndani yake kipande cha karatasi ya dawa, kimekatwa kwa mkasi, na kidonge kimoja ndani yake. Nyuma ya karatasi kumeandikwa jina la dawa ambayo daktari alitutajia kwanza kabisa kati ya zile za marufuku.

Nikachukua ya pili. Kamfuko. Ya tatu. Kamfuko, na kidonge. Suruali zote sita zina kamfuko. Vidonge vilikuwa vitatu.

Nilikaa chini. Kifungo akaja akaniuliza, "Mama, suruali imefiwa?" Nikampakata.

Sikulia kwa ajili ya vidonge. Kilichonichoma ni ule mshono. Mtu hashoni hivyo kwa haraka. Alikaa, akachagua uzi wa rangi ya kitambaa, akapima, akanificha vizuri, na kazi yake ikawa safi.

Aliporudi nikamwandalia sahani, nikaifunika. Alipofunua akakuta vile vidonge vitatu.

Akavihesabu kwa kidole. Halafu akasema, "Chakula changu kiko wapi?"

"Nimekupa unachokula."

"Mama Kifungo."

"Nasikiliza."

Akaeleza akitazama sahani. Kule karakana kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, mmoja wao analeta vidonge na kugawa, zamu kwa zamu, tangu Mzee Futi akiwa kijana. Wanakiita kifungua mgongo. Kukaa umeinama saa kumi kiuno kinawaka moto, kile kidonge kinazima. Mchana ukirudi moto, kila mtu ana cha akiba. Mzee Futi alipomfundisha kazi, kitu cha kwanza alimfundisha kutia uzi kwenye sindano, cha pili kushona kamfuko ka akiba.

"Daktari alikuuliza kama unatumia dawa za maumivu. Nilikuwepo. Ukasema hapana."

"Maumivu si ya mgonjwa? Mimi sikuwa mgonjwa, nilikuwa nimechoka. Hii si dawa, mama. Ni ya kazi. Kama mkasi."

Na hapo nikaona kwamba hakuwa anajitetea. Ndivyo anavyoamini kweli. Kwake dawa ni kitu anachokupa daktari, na hiki alipewa na mwalimu wake.

"Na hiyo mifuko?" nikasema. "Kama ni mkasi, mbona umeuficha?"

Akajipapasa ukanda wa kiunoni. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Tangu kliniki nimepunguza. Nilikuwa nameza viwili, sasa kimoja. Lakini mzee akikugawia mbele ya watu, ukikataa ni kama umemkataa yeye. Na mashati mia nne... Sikukudanganya. Nilikuficha."

"Nieleze tofauti yake, halafu nitakupa chakula."

Nikampa chakula hata hivyo, kwa sababu mgonjwa wa presha halazwi na njaa.

Jumapili, 14 Aprili. 164 kwa 100.

Asubuhi bila kuambiwa ameketi kibarazani na wembe, amefumua mifuko sita. Kifungo anakusanya nyuzi. Namtazama vidole vyake. Vilivyoficha ndivyo vinavyofichua. Sijamsamehe sana, lakini nimemletea chai.

Ameniuliza, "Kesho nitamwambiaje mzee?"

Nikasema, "Hutamwambia wewe. Nitakuja."

"Utanitia aibu."

"Aibu haiharibu figo."

Jumatatu, 15 Aprili. 160 kwa 98.

Nimepanda ngazi za karakana na Kifungo mgongoni, ghorofa ya tatu, chumba chembamba, mashine nne zimepangwa kama watoto darasani. Nilikuwa sijawahi kukaa pale zaidi ya kusalimia. Leo nimekaa.

Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba hakuna maji. Hata kikombe. Nikauliza, mbona hamna maji hapa? Kijana wa kukata akacheka. "Ukinywa utataka choo, dada. Choo kiko chini kabisa, na ufunguo anao mwenye duka la rangi. Ukimwomba mara ya pili anakutazama kama umemkopa."

Kwa hiyo wanashinda na kiu. Mume wangu hajawahi kuniambia, kwa sababu sijawahi kuuliza.

Mzee Futi akaja kunipokea. "Mkwe wangu, karibu. Umekuja kutusaidia vifungo?"

"Nimekuja kuwashitaki, mzee. Wewe ndiye wa kwanza."

Wakacheka. Nikaeleza kila kitu: figo, namba, vidonge, mifuko. Nilisema kama alivyosema nesi, kwamba kile kidonge kinazinyima figo damu kidogo kidogo kila siku na kinapandisha presha, na hakiumi, ndiyo maana hujui. Mume wangu alikuwa anatazama pindo la shati utadhani limeandikwa habari.

Mzee akasema, "Miaka thelathini na moja nakimeza, mkwe. Na bado nipo."

Nikatazama miguu yake. Viatu havina kamba, ndimi za viatu zimelala nje.

"Mzee, kamba za viatu ulizitoa lini?"

"Tangu mvua zianze. Unyevu huu unavimbisha miguu."

"Mbona yangu haijavimba, na mimi nashinda ndani ya maji?"

Nikapiga magoti, nikamwomba ruhusa, nikambonyeza muundi kwa kidole gumba kama nesi alivyombonyeza mume wangu. Nilipotoa kidole, shimo likabaki. Tukalitazama wote. Kijana akazima mashine yake. Lile shimo lilikaa pale kama limechorwa.

Dada wa overloki akasimama. "Wifi, mimi nimewaambia mwaka mzima. Niliacha nilipokuwa na mimba, nikaona nimepona mgongo kwa kusimama tu kila baada ya mashati matano. Wakaniita mgeni. Mume wako huyu namnyima hata karanga, kwa ajili ya presha yake, hakukwambia?"

Hakuniambia. Nilimwazia vibaya dada wa watu wiki nzima juu ya karanga ambazo alikuwa anamnyima. Nikamwambia, "Wifi, nisamehe." Akasema, "Kwa lipi?" Nikasema, "Basi tu, nisamehe."

Nikashuka kwa mwenye duka la rangi. Nimeongea naye kwa upole kwanza, halafu bila upole. Ufunguo wa pili umechongwa mchana huo huo, umetundikwa ukutani karakana kwenye kipande cha futi, na pembeni yake kuna ndoo ya maji yenye bomba.

Jumatano, 17 Aprili. 158 kwa 96.

Mzee Futi amekubali kwenda kliniki kwa sharti kwamba aende na mimi, mkwe wake, si na mume wangu, "kwa sababu huyu atanilia huko." Presha yake 192 kwa 112. Nesi alipomfunga mkono, mzee akamwambia kola ya sare yake imekatwa vibaya na atamrekebishia. Wamemtoa damu.

Jumatatu, 22 Aprili. 152 kwa 94.

Majibu ya mzee: kumi na moja katika mia.

Daktari alimweleza polepole. Mashine, hivi karibuni, mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne. Mzee akauliza, "Mkono mmoja unabaki huru?" Daktari akasema ndiyo. "Basi nitapiga vifungo."

Nikamwambia, "Mzee, vifungo vinataka mikono miwili."

Akafikiri. "Basi nitakaa kama bosi."

Nje akasimama chini ya paa, mvua inamwagika, akasema bila kunitazama, "Mkwe, mimi ndiye niliyemgawia." Nikamjibu kwamba na yeye aligawiwa. Akatikisa kichwa mara nyingi. Nikamshika mkono tukavuka barabara.

Alhamisi, 2 Mei. 148 kwa 92.

Mgongo unamuuma mume wangu kweli. Sasa ndio najua kile kidonge kilikuwa kinamficha nini na yeye mwenyewe. Akiinuka anashika meza kama mzee. Nesi amempa mazoezi ya kujinyoosha na amemruhusu kitu chenye joto. Basi nimebuni: nalowesha taulo, nalikamua, nalipitisha pasi mpaka litoe mvuke, namwekea kiunoni. Anaguna kama gari linalopanda mlima.

"Mama Kifungo, mteja wa pasi ndiye mimi."

"Nyamaza, usijikunje."

Kifungo naye analala kifudifudi kando yake, anataka taulo lake. Nampa kitambaa cha mkono, anaguna vilevile.

Jumatatu, 6 Mei. 142 kwa 88.

Shule zimefunguliwa. Mashati mia nne yamepita mbele ya kibaraza chetu, meupe, miilini mwa watoto, mvua imewapisha. Mume wangu amesimama mlangoni na kikombe cha maji, anayakagua mabega. "Lile pale nimelishona mimi." Yote yanafanana, lakini nimemwamini.

Jumamosi, 18 Mei. 138 kwa 86.

Mvua imekuwa ya kudokoa. Kidogo asubuhi, halafu inaona haya.

Jumanne, 28 Mei. 136 kwa 86.

Tumemtembelea Mzee Futi hospitali, wiki yake ya pili ya mashine. Niliogopa nitakayoyakuta. Nimekuta amejilaza kwenye kiti, damu yake inazunguka kwenye mirija, na futi iko shingoni. Ananyong'onyea, uso umepungua, lakini mguuni kiatu kina kamba. Mgonjwa wa kiti cha jirani amesimamishwa kupimwa uzito, na mzee anapaza sauti: "Usiondoke, sijakupima kiuno." Ana oda mbili tayari.

Mume wangu alipomsalimia alimshika mkono muda mrefu. Mzee akamwambia, "Usije huku, mwanangu. Huku pamejaa." Mume wangu akaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Nilitoka kwenda kutafuta maji ya kunywa ambayo sikuyahitaji.

Jumatatu, 3 Juni. 136 kwa 84.

Ametolewa damu. Majibu keshokutwa. Nimefua kila kitu humu ndani, hata pazia ambalo halikuwa chafu.

Jumatano, 5 Juni. 138 kwa 86.

Thelathini na saba.

Nilisikia ile namba nikaona tumeanguka. Ilikuwa thelathini na nane. Daktari akaona uso wangu, akageuza karatasi ili nione. "Mama, moja si kitu, hiyo ni kusimama. Nilitegemea kuona thelathini, au chini yake. Hapa zimesimama." Mume wangu akauliza zitasimama mpaka lini. Daktari akasema hawezi kuahidi, ila mtu anaweza kukaa nazo hivyo miaka mingi akiendelea hivi. Turudi Septemba, na kimashine tukae nacho.

Kwenye korido, palepale alipomcheka daktari ndevu, ameniinamia akanong'ona, "Chakula chako kile. Kikiendelea kufiwa, mimi sitalalamika."

Nesi akanishika mimi nikipita. "Na wewe weka mkono hapa." 116 kwa 74. Akasema presha yangu ni ya msichana, lakini macho yangu ni ya mtu ambaye hajalala tangu Machi. Hayo alimwambia mume wangu, si mimi.

Tumerudi jua linawaka. Nguo zimekauka kabla sijamaliza kuzianika.

Jumapili, 9 Juni. 134 kwa 84.

Leo naandika mimi, Baba Kifungo. Mwandiko wangu ni mbaya, uvumilivu. Ni saa nane mchana na yeye amelala juu ya rundo la mashuka yaliyokauka. Alisema anakaa dakika mbili. Kifungo amenifunga kimashine na kubonyeza, namba ni sahihi, ulimi umekaguliwa.

Nimesoma daftari lote tangu mwanzo. Nilidhani ni namba tu.

Mama Kifungo, kuna mahali pa kurekebisha. Tarehe kumi na tatu Aprili umeandika kwamba mifuko ilikuwa sita. Ilikuwa saba. Wa saba ulikuwa kwenye suruali ya suti ya harusi, ile ya kwenye mfuko wa plastiki, ambayo hujaipiga pasi kwa sababu haivaliwi. Niliushona usiku wa kuamkia harusi, kwa sababu nilijua nitasimama muda mrefu. Kidonge kilikuwa bado kimo, cha miaka mitano.

Nimekitupa chooni. Mfuko nimeufumua, nimeweka uzi wake hapa katikati ya ukurasa ili uuone ukiamka. Mfuko mwingine haupo.